Kitoni, konokono wa Ziwa Victoria na DNA: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ninafundisha baiolojia katika shule ya upili hapa Kisumu, na Jumamosi nyingi utanikuta kwenye ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, na wanafunzi, tumevaa gambuti, tunapekua majani ya gugu maji kutafuta konokono. Watu husimama kuuliza: wavuvi, wazazi, kina mama wanaoanika omena, wanafunzi wa shule nyingine. Maswali yao ni ya maana na mengi hujirudia, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Nimemtanguliza kitoni, mnyama wa baharini, kwa sababu bila yeye hadithi ya konokono wetu haina mwanzo.

Kitoni ni mnyama gani? Mbona hatumwoni ziwani?

Humwoni kwa sababu hayupo. Vitoni wanaojulikana walio hai ni karibu spishi 1,000, na wote huishi kwenye maji ya chumvi. Hakuna hata mmoja aliyehamia ziwani au mtoni.

Mimi mwenyewe nilimwona kwa mara ya kwanza Mombasa, maji yakiwa yamekupwa, kwenye miamba ya matumbawe ya kale upande wa Nyali. Alikuwa na urefu wa kidole gumba, rangi yake na ya mwamba haitofautiani. Mgongoni ana vigae vinane vilivyopandana kama mabati ya paa, na vigae hivyo vimezungukwa na ukingo wa nyama wenye vijiba vigumu. Nilipomgusa alijigandamiza. Nikatia ncha ya kisu chini yake, akazidi kung'ang'ania kana kwamba amepigwa gundi. Wa pili nilimwahi kabla hajajikaza, akabanduka, na papo hapo akajikunja mviringo kama jongoo. Chini ana mguu mmoja mpana wa nyama, sawa na wa konokono, na kichwa kidogo kisicho na pembe wala macho.

Kinywani ana ulimi wenye safu za meno, na meno yanayofanya kazi yamefunikwa na magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Hilo liligunduliwa mwaka 1962. Ndiyo maana anaweza kukwangua mwani juu ya jiwe maisha yake yote bila meno kuisha. Yakichakaa, safu mpya husogea mbele.

Na moluska ni nani?

Ni kabila kubwa la wanyama wenye mwili laini: konokono na koa, chaza na kome, pweza na ngisi, kitoni, na wengine wanne ambao wengi wetu hatutawaona kamwe. Jumla ni koo nane zilizo hai. Katika koo hizo, mbili tu ndizo zilizofika kwenye maji yasiyo na chumvi, yaani ukoo wa konokono na ukoo wa kome. Ukichota tope la Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulio hapa kwetu, utawapata wote wawili katika kiganja kimoja. Nchi kavu wamepanda konokono na koa peke yao.

Sasa mtu wa Kisumu anamtakia nini kitoni wa Mombasa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ninalipenda.

Chukua boma lenye ndugu watano. Wote wana pengo la jino la mbele. Je, pengo hilo lilikuwa la babu, au lilianza kwa baba yao? Huwezi kujua kwa kuwatazama wao tu. Itabidi umtafute binamu ambaye upande wake uliondoka nyumbani mapema, ukahamia mbali. Naye akiwa na pengo, basi jambo ni la zamani. Asipokuwa nalo, huenda lilianzia hapa.

Kitoni ni binamu wa namna hiyo. Upande wake ulitengana na upande wa konokono, chaza na pweza zamani mno, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Tunapotaka kujua konokono wa Dunga amerithi nini na amejitengenezea nini, tunamweka kitoni pembeni kama shahidi. Bila shahidi wa nje, mti wa ukoo hauna shina. Unajua nani yuko karibu na nani, lakini hujui nani alitangulia.

DNA inaonyeshaje undugu?

Kiswahili kimelijibu swali hili nusu. DNA tunaiita vinasaba, na neno hilo limetoka kwenye nasaba. Ni maandishi ya ukoo yaliyomo ndani ya kila seli, yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Mzazi anapomnakilia mtoto maandishi hayo, mara chache sana herufi moja hukosewa. Kosa hilo nalo hunakiliwa kwa wajukuu na vitukuu. Wanaobeba makosa yale yale wametoka kwa mwandishi mmoja.

Huu ni mfano wa darasani, nimeutunga mwenyewe:

Wa kwanza: ATTGCACCTA
Wa pili: ATTGCATCTA
Wa tatu: ACTGGATCAA

Weka kidole chini ya kila herufi ushuke nayo. Wa kwanza na wa pili wanatofautiana mahali pamoja tu, herufi ya saba. Wa pili na wa tatu wanatofautiana mahali patatu, wa kwanza na wa tatu mahali panne. Kwa hiyo wawili wa mwanzo tunawaweka tawi moja. Kazi halisi ni hiyo hiyo, ila herufi ni maelfu au mamilioni, wanyama ni makumi, na kompyuta hupima miti mingi mno kuona ni upi unaoeleza makosa yote vizuri zaidi. Kompyuta pia huzingatia kwamba herufi moja inaweza kubadilika kisha ikarudi ilivyokuwa, jambo ambalo kidole hakiwezi kuliona.

Wanafunzi wangu hulifanya zoezi hili kwa vipande vya karatasi. Kuna aliyewahi kuniambia, "Mwalimu, kumbe ni kama kunakili noti ubaoni. Ukiona watatu wameandika spelingi moja mbaya, unajua walinakiliana." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Kwani gamba halitoshi? Wazee walitambua konokono bila DNA.

Walitambua, tena vizuri, na kazi yao bado ni msingi. Lakini gamba ni nguo. Mtu akihamia kwenye baridi hununua koti, na koti halimfanyi kuwa ndugu wa kila mwenye koti.

Sisi wa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano wengi wao leo huzungumza Kijaluo, lakini lugha ya mababu wao, Olusuba, ni ya Kibantu. Ukiwasikiliza sokoni Mbita utasema ni Wajaluo tu. Ukikaa na mzee akakuhesabia vizazi, anakupeleka njia nyingine kabisa. Kuishi pamoja kumeleta kufanana. Ukoo umebaki ulipo.

Ziwani kuna mfano mzuri wa jambo hilo, nao ni kome anayeitwa kitaalamu Etheria elliptica. Hujigandisha kwenye mwamba, gamba lake limepinda na kukunjamana, na ukimleta Mombasa ukamweka kando ya chaza wa mikoko, mvuvi wa huko atasema ni chaza. Wazungu nao humwita chaza wa mto Nile. Lakini DNA yake inamweka pamoja na kome wa kawaida wa maziwa na mito, wale wanaozika nusu ya mwili katika mchanga. Tabia ya kujigandisha aliipata peke yake, mbali na bahari.

Koa ni mfano mwingine. Nenda msitu wa Kakamega baada ya mvua, pindua gogo lililooza, utawakuta. Mtu hudhani koa wote ni ukoo mmoja kwa kuwa wote hawana gamba. Sivyo. Ni konokono waliopoteza gamba, na jambo hilo limetokea mara nyingi, kila mara katika familia tofauti. Kukosa kitu pamoja hakumfanyi mtu kuwa ndugu yako.

Kuna pia mfano wa upande wa pili, ambapo gamba lilitenganisha ndugu. Katika Ziwa Victoria vitabu vilitaja konokono wawili wanaobeba mnyoo wa kichocho: Biomphalaria sudanica, mkubwa kiasi, bapa kama sarafu, anayekaa ukingoni kwenye mafunjo na tope, na Biomphalaria choanomphala, mdogo mnene, anayekaa maji ya kina juu ya mchanga. Ukiwaweka mkononi hutadhani wanahusiana kiasi hicho. Tafiti za DNA zilipokuja hazikuweza kuwatenga. Herufi zao zimechanganyika. Wataalamu sasa wanaelekea kuwaona kama spishi moja yenye sura mbili, kila sura ikitengenezwa na mahali anapoishi.

Kitoni mwenyewe aliwekwa wapi mwishowe?

Mabishano yalidumu zaidi ya miaka mia. Kuna wanyama wa vilindini wenye umbo la mnyoo, hawana gamba, mwili umefunikwa na vijiba vidogo vya chokaa. Ni koo mbili katika zile nane. Wengi waliamini kwamba hao ndio moluska wa asili, picha ya babu kabla gamba halijazuka, na kwamba kitoni mwenye vigae vinane ni hatua ya katikati kuelekea gamba moja la konokono. Ni hadithi inayoingia akilini kirahisi: kwanza hakuna gamba, kisha vipande, kisha gamba zima.

Mwaka 1952 meli ya utafiti ya Denmark, Galathea, ilivua katika vilindi vya Pasifiki karibu na Costa Rica moluska mdogo mwenye gamba moja kama kofia, wa ukoo ambao ulijulikana kwa visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) peke yake na kudhaniwa umekwisha kitambo. Ndani yake viungo kadhaa vimejirudia kwa safu. Kwa kuwa kitoni naye vigae na baadhi ya misuli yake hujirudia kwa safu, kuna waliosema hawa wawili ni ndugu wa karibu. Mwaka 2006 utafiti uliotumia jeni chache, yaani vipande vichache vya maandishi ya DNA, uliunga mkono wazo hilo.

Mwaka 2011 zikatoka tafiti mbili kubwa katika jarida la Nature. Moja ilisoma jeni 308. Picha iliyopatikana ni hii: moluska wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja, unaoitwa Akulifera, yumo kitoni pamoja na wale wa umbo la mnyoo. Upande wa pili, Konkifera, wamo konokono, chaza, pweza, na yule mwenye kofia wa mwaka 1952. Basi wale wasio na gamba hawakuwa picha ya babu. Kuna kila dalili kwamba wazee wao walikuwa na vigae, wakavipoteza, kama koa wa Kakamega alivyopoteza gamba lake.

Mwaka uliofuata kisukuku kilitoa ushahidi wake. Huko Herefordshire, Uingereza, katika mawe ya miaka milioni 425, walimpata mnyama waliyemwita Kulindroplax. Mwili wake ni wa mnyoo, na mgongoni ana vigae saba. Nusu kitoni, nusu mnyoo. DNA ilikuwa imesema watu hawa ni wa boma moja, na mawe yakaonyesha mkazi wa boma hilo. Mimi hadi leo nikilieleza darasani husimama kidogo, kwa sababu ushahidi wa aina mbili ambazo haziwezi kunong'onezana kukutana mahali pamoja ni jambo la thamani sana katika sayansi.

Ni kweli kitoni ana macho mgongoni?

Baadhi yao, ndiyo. Kichwani hana kitu, lakini ndani ya vigae mna mishipa ya fahamu, na katika vitoni kadhaa mishipa hiyo inaishia kwenye vijicho vyenye lenzi ya aragonaiti, chokaa ile ile inayojenga gamba. Anaona kwa jiwe. Mnyama mmoja anaweza kuwa na mamia ya vijicho hivyo.

Utafiti wa DNA uliotoka mwaka 2024 ulieleza jinsi vijicho hivyo vilivyopatikana. Vitoni wana macho ya aina mbili, ya lenzi na mengine madogo zaidi yaliyo mengi sana, na kila aina ilizuka mara mbili katika matawi tofauti. Kilichoamua tawi lipate aina gani ni idadi ya nyufa zilizokuwako tayari kwenye vigae, ambazo mishipa ya fahamu hupitia: wenye nyufa chache walipata macho machache makubwa, wenye nyingi wakapata madogo mengi. Bila mti wa ukoo uliochorwa kwa DNA, mtu angehesabu macho yaliyofanana akasema yalizuka mara moja.

DNA ya konokono mnaitoaje? Mwalimu, huyu ana damu?

Ana damu, na Biomphalaria ana damu nyekundu kabisa kwa sababu ana himoglobini kama sisi. Mzee mmoja wa Dunga aliponiuliza hivyo nilimfinyia mmoja kwenye kigae cheupe, likatoka tone jekundu, akashangaa kwa muda mrefu. Kitoni na pweza damu yao hutumia shaba na huelekea buluu ikipata hewa.

Lakini kwa DNA hatutafuti damu, tunakata kipande cha mguu, ukubwa wa punje ya mtama unatosha. Kinasagwa, kinaachwa kwenye maji moto yenye kimeng'enya cha kuyeyusha protini mpaka nyama iyeyuke. Kisha DNA hutenganishwa na takataka nyingine, na mwisho hudondoshwa kwa pombe kali baridi.

Shida kubwa ni ute. Konokono ni ute mtupu, na sukari ndefu zilizomo ndani ya ute huandamana na DNA hadi mwisho, kisha zikazuia ile mashine ya PCR inayonakili DNA isifanye kazi. Unaona mrija una kitu kinachonata kama mlenda, unafurahi ukidhani umepata DNA nyingi, kumbe ni ute. Kwa sababu hiyo wanaoshughulika na moluska huongeza sabuni maalum iitwayo CTAB, ambayo huubakisha ute nyuma. Mwanafunzi aliyezoea DNA ya kuku au ya binadamu akija kwenye konokono huanza upya.

Kuna tahadhari nyingine ya huku kwetu. Konokono wa ziwani mara nyingi amejaa vimelea, hasa kwenye tezi iliyo juu kabisa ya gamba. Ukikata pale utanakili DNA ya mnyoo na kuiita ya konokono. Kata mguu.

Je, naweza kuwahifadhi kwa formalini?

Tafadhali usifanye hivyo. Formalini huifunga DNA na kuikatakata, na makopo mengi ya zamani yenye wanyama wazuri hayana faida kwa kazi hii. Tumia ethanoli safi ya asilimia 95 au zaidi, nyingi kuliko nyama, na uibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya mwili huizimua.

Hata hivyo ethanoli peke yake haitoshi, na hili nilijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza tulikusanya konokono wakubwa wa aina ya Pila kwenye vinamasi vya Nyando, tukawatosa wakiwa hai kwenye chupa za ethanoli, tukafunga. Konokono huyu ana kifuniko kigumu mlangoni. Alipohisi pombe alikifunga, na pombe haikuingia. Baada ya wiki tatu nilifungua chupa ya kwanza. Uvundo ulitutoa nje ya chumba. Ndani ya magamba mazuri nyama ilikuwa uji mweusi. Wanafunzi walikuwa wametembea siku nzima juani kuwapata, na sikupata hata mrija mmoja wa DNA. Sasa tunawalegeza kwanza kwa maji yenye mentholi mpaka wajitokeze, au tunalitoboa gamba kabla ya kuwatosa.

Jeni moja si inatosha kumtambua mnyama?

Kumtambua, mara nyingi ndiyo. Kuchora ukoo wa kale, hapana.

Jeni inayotumika sana kwa utambuzi inaitwa COI, kipande cha herufi kama 658 kilicho ndani ya mitokondria, vile vijumba vidogo vinavyoipa seli nguvu na vyenye DNA yake vyenyewe. Hubadilika haraka, kwa hiyo hutofautisha spishi zilizo karibu. Ukirudi nyuma mamia ya mamilioni ya miaka, kila herufi imebadilika mara nyingi mpaka habari imefutika. Ule utafiti wa 2006 haukukosewa na watu wazembe. Walikuwa na jeni chache, na jeni chache husema kwa sauti kubwa hata zikikosea.

Tena mitokondria kwa kawaida hutoka kwa mama tu. Ni kama kuandika historia ya ukoo kwa kumsikiliza nyanya mmoja. Na kwa kome kadhaa wa baharini na wa mitoni mambo ni magumu zaidi: madume hurithi mitokondria nyingine kutoka kwa baba. Ukichukua nyama ya dume mahali pasipofaa, kome wawili wa spishi moja wanaweza kuonekana kama wametengana mamilioni ya miaka. Mimi simwamini mtu anayetangaza spishi mpya kwa COI peke yake, bila kutazama gamba, ulimi wa meno na mahali alipompata.

Mnajuaje miaka? DNA haina tarehe.

Haina. Tunahesabu tofauti za herufi, kisha tunahitaji jiwe lenye umri unaojulikana ili kuzigeuza kuwa miaka. Na hapa tuna bahati ya kuishi tulipo. Rusinga, ambako Mary Leakey alipata fuvu maarufu la nyani wa kale mwaka 1948, kuna pia konokono wa nchi kavu waliogeuka mawe, wa karibu miaka milioni 18. Koru na Songhor nako wapo. Wengi wanaopita pale hutafuta mifupa tu, lakini gamba la konokono ndani ya jivu la volkano ni tarehe iliyoandikwa.

Ziwa lenyewe nalo ni somo. Matope ya chini yake yanaonyesha kwamba lilikauka, na likajaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Basi konokono wote unaowaona Dunga walirudi baada ya hapo kutoka mitoni na vinamasini. Kwa saa ya DNA, huko ni jana.

Haya yanahusikaje na kichocho?

Yanahusika moja kwa moja. Mnyoo wa kichocho cha tumbo hawezi kumaliza maisha yake bila kupitia ndani ya Biomphalaria, na si kila Biomphalaria humpokea sawa. Kujua ukoo wa konokono ni kujua ni wapi ugonjwa unaweza kushika. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hapa Kisumu wamekuwa wakifanya utafiti wa kichocho kwa miaka mingi.

DNA pia imefichua safari ambayo hakuna aliyeishuhudia. Biomphalaria wa Afrika wote wametokana na babu wa Amerika ya Kusini, aliyevuka ndani ya miaka milioni chache iliyopita. Wengi hudhani kwa miguu ya ndege au juu ya vichaka vilivyoelea. Mnyoo alisafiri njia ya kinyume. Ni wa Afrika, akavushwa Atlantiki ndani ya miili ya watu waliouzwa utumwani, na huko akawakuta konokono wa ukoo ule ule wakimsubiri. Ndiyo maana Brazil wana kichocho cha tumbo na hawana kile cha kibofu, kwani konokono anayefaa kwa kile cha pili hakuwako. Somo hili huwa silifundishi haraka haraka.

Malalamiko yangu ni kwamba konokono na kome wasiobeba ugonjwa wamesahaulika. Kome wadogo wa Winam, wanaochuja maji tunayokunywa, wanastahili kusomwa nao.

Je, nikisema kitoni na konokono wana babu mmoja nakiuka imani yangu?

Wanafunzi wangu wengi ni watu wa kanisa, na mimi pia. Ninawafundisha kusoma herufi na kupima ushahidi. Wengine hukaa na mambo yote mawili bila taabu, wengine huenda kuzungumza na mchungaji, na sijawahi kumzuia yeyote.

Ninahitaji kibali?

Kwa utafiti, ndiyo. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukitaka kupeleka sampuli au DNA nje ya nchi kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, kuhusu rasilimali za kijenetiki. Ndani ya hifadhi, kibali ni cha KWS, shirika la wanyamapori. Usiruke hatua hizi hata ukiharakishwa na mgeni mwenye pesa. Konokono wetu wengi wa zamani wako kwenye kabati za Ulaya na kuwafikia ni safari. Na kabla ya vibali vyote, msalimie mwenyekiti wa ufuo umweleze unachofanya.

Nimeokota konokono wa ajabu mtaroni Ahero. Nifanye nini?

Kwanza, usiingie majini miguu mitupu na usimshike kwa mkono mtupu. Vimelea vya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, hasa jua likiwa kali. Vaa gambuti na glavu, au tumia chujio la chai lililofungwa kwenye mti mrefu. Mpige picha akiwa pale pale, juu ya jani au jiwe alilokuwapo, kisha gamba lake pande tatu, ukiweka sarafu kando kwa kipimo. Litazame gamba ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea: mlango ukiwa kushoto kwako andika kushoto, ukiwa kulia andika kulia. Andika kwa penseli, si kalamu, kwa sababu ethanoli hufuta wino: tarehe, mahali, maji yanatiririka au yametuama, tope au mchanga. Karatasi hiyo itie ndani ya chupa pamoja naye, sio kuibandika nje. Kisha niletee Dunga Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne, tukiwa bado kwenye gugu maji upande wa mafunjo.